Nimeambiwa nikapungue kwanza ndipo nipasuliwe ngiri. Ni haki?

SWALI

Shikamoo Dokta,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46. Wote watatu niliwapata kwa upasuaji, na tangu yule wa mwisho nina ngiri pale kwenye kovu, chini kidogo ya kitovu. Zamani ilikuwa inatokeza nikikohoa tu. Sasa inajaa kiganja, na nikisimama muda mrefu inavuta mpaka mgongoni. Nikilala chali inarudi ndani yenyewe.

Nilijipanga vizuri. Nikaomba ruhusa kazini, nikatafuta mtu wa kukaa na watoto, nikaenda kliniki nikijua siku hiyo napewa tarehe. Muuguzi akanipandisha kwenye mizani na kuzisoma kilo zangu kwa sauti, foleni nzima ikasikia: 112. Urefu wangu ni mita 1.62. Daktari bingwa akaibonyeza ngiri mara mbili, akasema, "Mama, kapunguze uzito, urudi baada ya miezi minne." Basi. Sikuambiwa nipunguze kiasi gani wala nifanyeje. Nililia njia nzima.

Wifi yangu anasema nikae kwa maji na juisi tu mwezi mzima, kilo zitashuka zenyewe. Mume wangu anasema huo ni ubaguzi, tutafute hospitali nyingine watakaonipasua bila maswali. Mimi nina jambo ambalo hata yeye halijui: nimeanza kujichoma ile sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito, nimepewa na rafiki. Je, ni lazima daktari wa usingizi ajue? Nina presha pia, natumia vidonge. Na nakoroma. Mume wangu hulalamika kwamba kuna wakati nanyamaza kabisa, kisha nashtuka nahema. Sijui kama hilo linahusu ngiri.

Naomba unieleze, unene unahusiana nini na ngiri? Na je, nusu kaputi itaniua?

Niliyeahirishwa

JIBU

Marahaba mama, na pole. Pole ya kwanza ni ya ile mizani. Kilo za mgonjwa ni siri yake sawa na majibu ya damu yake, na hakuna sababu yoyote ya kitabibu ya kuzitangazia foleni. Ukimfuata muuguzi mkuu ukamweleza kwa utulivu, utakuwa umewasaidia na wengine. Ila usikubali hasira ya mizani ikufiche jambo la pili: kwa haya uliyoniandikia, daktari wako ameamua vilevile ambavyo ningeamua mimi. Tatizo ni kwamba jambo la kuelezwa nusu saa alilimaliza kwa sentensi moja. Ngoja nijaribu kulieleza.

Nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana, unene peke yake si hukumu ya kifo. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa wengi wa upasuaji wa kawaida zimeonyesha kitu kilichowashangaza hata madaktari: wenye uzito wa ziada, na hata wenye unene wa daraja la kwanza, hawakufa zaidi ya wembamba. Waliokonda kupita kiasi ndio waliofanya vibaya zaidi. Kinachoongezeka waziwazi kwa mtu mnene ni matatizo ya baadaye, yaani kidonda kuota usaha, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, mapafu kuchelewa kurudi katika hali yake. Hatari hizo hupanda kadiri uzito unavyozidi, hasa kukiwa na sukari, presha au shida ya kupumua usingizini.

Wewe uko wapi katika hesabu hiyo? Chukua kilo 112, gawanya kwa 1.62 mara 1.62. Unapata 42.7, ndio uwiano wako wa uzito na urefu. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu unene uliopitiliza kwenye 30, na kuanzia 40 ni daraja la tatu, la juu kabisa. Kipimo hiki kina upungufu wake, hakijui misuli ni kiasi gani wala mafuta yamekaa wapi, lakini ndicho kila daktari wa upasuaji atakachokiangalia kabla hajakuandikia tarehe. Kwa ngiri kama yako, wengi wao huanza kusita kikipita 35, na kikivuka 40 husita zaidi.

Kwa nini ngiri hasa? Mafuta hayakai chini ya ngozi tu. Mengine yako ndani, yamezunguka utumbo, na hayo huufanya mgandamizo wa tumbo uwe juu muda wote, hata ukiwa umelala. Ngiri yako ilitokea pale ukuta wa tumbo ulipoachia kwenye kovu. Daktari ataurudishia ukuta, atashona na pengine ataweka wavu wa kuuimarisha, lakini mgandamizo ule ule ulioufungua mwanzo utaendelea kusukuma usiku na mchana. Ni sawa na kubadilisha zipu ya sanduku lililofurika bila kupunguza nguo. Ngiri ikirudi, upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza, maana kovu limeongezeka na ukuta mzima wa kushikilia uzi umepungua.

Halafu kuna kidonda chenyewe. Mafuta yana mishipa michache ya damu, kwa hiyo oksijeni na dawa za kuua vijidudu havifiki kwa wingi unaotakiwa. Daktari analazimika kukata kina kirefu zaidi, upasuaji unachukua muda zaidi, na chini ya mshono hubaki uwazi ambao majimaji hupenda kujikusanya. Kwingine usaha ni kero ya kusafisha kidonda wiki kadhaa. Kwa mwenye wavu tumboni ni habari nyingine: vijidudu vikishauvamia, mara nyingine hakuna dawa itakayosaidia mpaka uondolewe, na hapo umerudi ulikoanzia ukiwa na tundu kubwa zaidi.

Sasa mpe mumeo haki yake. Hoja ya ubaguzi si ya kubeza. Wapo wagonjwa wanaonyimwa upasuaji kwa sababu ya namba tu, na wataalamu wenyewe wameanza kulikemea hilo. Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo uliotoka 2022 unasema mgonjwa asinyimwe rufaa ya kubadilishiwa kiungo kwa sababu ya uwiano wa uzito na urefu. Marekani, mwongozo wa pamoja wa madaktari wa baridi yabisi na wale wa nyonga na magoti wa 2023 unashauri upasuaji usicheleweshwe ili kufikia kiwango fulani cha uzito. Ungekuwa umeniandikia kuhusu goti, ningekuambia rudi ukabishane. Mwenye goti bovu hawezi hata kutembea ili apungue, na maumivu yake hayangoji. Ngiri inayorudi ndani yenyewe ni tofauti. Inaweza kusubiri kwa kuangaliwa, na uzito ndio unaoisukuma. Hospitali itakayokupasua bila maswali, kwa maoni yangu, ndiyo ya kuiogopa.

Nije kwenye eneo langu, usingizi wa upasuaji. Ukilala chali, uzito wa kifua na tumbo hukandamiza mapafu na ile hewa ya akiba inayobaki baada ya kupumua nje hupungua sana. Kabla ya kukulaza tunakupa oksijeni safi uvute dakika kadhaa, kisha dawa zinakufanya ulale na kuacha kupumua, na sisi tunaweka mpira kwenye njia ya hewa. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kawaida, akijazwa oksijeni vizuri, anaweza kukaa kama dakika 8 hivi bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijashuka hadi hatarini. Mtu mwenye unene mkubwa huenda asifikishe 3. Hizo dakika tano za tofauti ndizo zinazotufanya tukuulize maswali mengi, tukufunue mdomo, tukupime shingo. Hatuendi kubahatisha. Utawekewa mito mabegani na kichwani mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na juu ya mfupa wa kifua, na kitanda kitainuliwa upande wa kichwa. Wagonjwa wengine hudhani tunawastarehesha. Tunazitafuta zile dakika.

Huenda ukaambiwa habari ya ganzi ya mgongo badala ya nusu kaputi. Kwa wanene mara nyingi ni wazo zuri, ingawa mifupa ya mgongo huwa migumu kuipapasa na sindano ndefu zaidi huhitajika. Inategemea ukubwa wa ngiri na njia ya upasuaji. Uliza pia kama hospitali yako inafanya upasuaji wa matundu madogo, kwa sababu kwa mtu mwenye mwili mkubwa kidonda kidogo ni usaha kidogo.

Na sasa ule mkoromo ambao hujui kama unahusika. Unahusika kuliko yote uliyoandika. Kukoroma, kunyamaza, kisha kushtuka ukihema ni dalili ya njia ya hewa kuziba ukiwa usingizini. Sisi hutumia maswali manane kuchuja watu wa aina hii: unakoroma kwa sauti kubwa? unachoka mchana? kuna mtu aliyekuona ukiacha kupumua? una presha? uwiano wako unazidi 35? umri wako unazidi 50? shingo yako inazidi sentimita 40? ni mwanamume? Ndiyo tatu au nne ni hatari ya wastani, tano kwenda juu ni kubwa. Kwa barua yako tu nimehesabu nne, na hujaniambia kama unasinzia mchana. Chukua utepe wa fundi cherehani uzungushe shingoni usawa wa koo, uandike namba, uende nayo.

Mbona linatusumbua hivyo? Kwa sababu mwenye tatizo hili huathirika zaidi na dawa kali za maumivu zinazotokana na afyuni. Upasuaji unakwenda salama, anarudishwa wodini, anapewa sindano ya maumivu, analala chali, na usiku ule njia ya hewa inaziba huku ubongo uliolewa dawa hauamki kumshtua. Tukijua mapema tunabadilisha mambo mengi: tunachoma ganzi kwenye ukuta wa tumbo, tunapunguza dawa za aina hiyo, tunakulaza umeinuka, tunakufunga kipimo cha oksijeni kidoleni usiku kucha. Ukipimwa usingizi na kupewa mashine ya kupumulia, itumie nyumbani wiki kadhaa kabla, na siku ya kulazwa uibebe. Watu huiacha nyumbani wakidhani hospitali itakuwa nayo.

Kwa hiyo mumeo, ambaye anatafuta hospitali nyingine, ndiye shahidi wako muhimu. Mchukue uende naye kliniki ya daktari wa usingizi. Wewe hujisikii ukiacha kupumua, yeye anasikia.

Kuhusu sindano: ndiyo, ni lazima tujue, na mwambie pia mumeo. Dawa za kundi la semaglutaidi hupunguza hamu ya kula na pia huchelewesha chakula kutoka tumboni. Kanuni ya kawaida kabla ya nusu kaputi ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji. Kwa anayejichoma sindano hiyo, saa zote hizo zinaweza kupita na chakula bado kipo, kikapanda kooni akiwa amelala na kuingia mapafuni. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi Marekani kilishauri anayechoma kila wiki aache wiki moja kabla ya upasuaji. Oktoba 2024 vyama kadhaa kwa pamoja vililegeza: wengi wanaweza kuendelea, ila kila mgonjwa apimwe kivyake, na mwenye hatari zaidi, kama aliyeanza karibuni, anayeongezewa dozi au mwenye kichefuchefu, ale vya majimaji tu saa 24 kabla. Hayo yote hayawezekani kama tumefichwa. Dawa yenyewe siipingi, inafanya kazi. Ninachopinga ni kuipokea kwa rafiki. Hujui imehifadhiwa wapi, hujui dozi yake, na hakuna anayekufuatilia. Iulizie kliniki, huenda ukaandikiwa kihalali.

Wifi yako mwambie nimemshukuru, lakini hapana. Mwezi wa maji na juisi utakushusha kilo, na sehemu kubwa itakuwa maji na misuli. Misuli hiyo ndiyo itakayokuinua kitandani siku ya pili, na protini uliyojinyima ndiyo inayotengeneza kovu jipya. Kupungua kwa kasi huleta pia mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kwa mtu anayetumia vidonge vya presha kunaweza kumwangusha chini kwa kizunguzungu. Kweli, zipo hospitali zinazowapa wagonjwa chakula kidogo sana wiki mbili kabla ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili ini lisinyae. Huko kuna mtaalamu wa lishe, kuna vitamini, kuna vipimo.

Kilo ngapi basi? Daktari wako hakusema, tupige hesabu sisi. Kwa urefu wako, kushuka chini ya 40 ni kufika kilo 104. Ni kilo 8, sawa na nusu kilo kwa wiki kwa miezi minne uliyopewa. Hilo linawezekana kwa mtu wa kawaida, na likitimia umeondoka na asilimia 7 ya uzito wako, kiasi ambacho presha na sukari huanza kuitikia. Lakini kama anataka ushuke chini ya 35, hiyo ni kilo 91, yaani kilo 21 kwa miezi hiyo hiyo. Wachache sana watafika kwa chakula na mazoezi peke yake. Rudi umuulize anataka ipi kati ya hizo mbili, na akuandikie. Akisema ya pili, mwombe basi akuelekeze kwa mtaalamu wa lishe, au muongelee dawa, au hata upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwanza. Kwa uwiano wako unastahili kufikiriwa.

Chakula sitakuandikia ratiba, kila nyumba ina chungu chake. Anza na vinywaji vyenye sukari, juisi ya wifi ikiwemo, kisha hakikisha kila mlo una protini: mayai, samaki, jamii ya kunde. Tembea kila siku kwa mwendo wa kukutoa pumzi kidogo lakini bado unaweza kuongea. Vaa mkanda wa tumbo ukielekezwa na daktari, na mambo ya kunyanyua vizito au kukunja tumbo sakafuni uyaache. Hata kama mizani haitasogea unavyotaka, mapafu na moyo vilivyozoea kutembea vinatufaa sana sisi tunaokulaza. Kama unavuta sigara, acha walau wiki nne kabla. Kwa kidonda, hilo lina uzito sawa na kilo tunazoziongelea.

Mambo mawili ya kupimwa katika muda huo. La kwanza ni wastani wa sukari ya miezi mitatu. Watu wengi wa uzito wako wana sukari bila kujua, na madaktari wengi hutaka kipimo hicho kiwe chini ya asilimia 8 au 8.5 kabla ya upasuaji usio wa dharura. La pili ni presha yako yenyewe. Angalia ule mkanda wanaokufunga mkononi. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na nimeona upasuaji ukiahirishwa asubuhi kwa presha ambayo ilikuwa ya mkanda. Omba mkanda mpana. Usione aibu kuomba. Pia tunapima dozi nyingi kwa kilo, kwa hiyo siku hiyo mizani usiikwepe wala usipunguze namba kwa mdomo.

Baada ya upasuaji watakuamsha utembee mapema kuliko utakavyopenda, pengine jioni ile ile, na watakuchoma sindano ya kuzuia damu kuganda. Usiwakatalie.

Miezi minne ni ya ngiri iliyotulia tu. Siku ikigoma kurudi ndani ukiwa umelala, ikawa ngumu, ikauma mfululizo, ngozi yake ikabadilika rangi, au ukaanza kutapika na choo na hewa vikakata, utumbo umenaswa. Siku hiyo hakuna anayeuliza uzito. Usiibonyeze kwa nguvu, usile wala kunywa chochote, nenda idara ya dharura muda huo huo, na ukifika uwaambie mara ya mwisho umechoma lini ile sindano.